Je, wajua masizi yanaweza kuunguza uvimbe wa saratani?

Saa saba mchana Kariakoo, bodaboda imeegeshwa juani, kiti cheusi. Ukikalia bila kuangalia, unaruka. Dereva mzoefu hutandika kipande cha boksi kabla hajaenda kula, maana anajua nyeusi inakunywa jua. Kiti cha jirani yake chenye kava jeupe kimepigwa na jua lile lile na kinakalika.

Tabia hiyo ya kunywa mwanga na kuutoa kama joto ndiyo iliyowavuta watafiti wa saratani kwenye kaboni, kitu kile kile kilichomo kwenye mkaa na masizi ya sufuria. Tofauti moja kubwa ni udogo. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni). Chembe wanazotumia nyingi hazifiki hata 100, na zile ziitwazo nukta za kaboni ziko chini ya 10. Nukta hizo ziligunduliwa mwaka 2004 kwa bahati tu, Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, watafiti wakisafisha masizi ya maabara: mabaki waliyokuwa wakiyatenga yakawa yanang'aa. Mwaka 2007 wengine wakazitoa kwenye masizi ya mshumaa wa kawaida, kama huu tunaowasha umeme ukikatika. (Waliyachemsha kwenye asidi ya naitriki, kwa hiyo usijaribu jikoni.)

Joto linafikaje kwenye uvimbe bila kuunguza ngozi? Umeme ukikatika leo usiku, washa tochi ya simu uizibe kwa vidole. Tochi ni nyeupe, lakini vidole vinawaka vyekundu. Damu na nyama zimemeza rangi nyingine, nyekundu ndiyo imepenya. Ukivuka nyekundu kidogo unaingia kwenye mwanga usioonekana kwa macho, infraredi ya karibu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hadi 1,000 hivi, na huo unapenya mwilini vizuri zaidi. Leza nyingi za majaribio haya ni za nanomita 808. Mwanga unapita kwenye ngozi kwa upole, unazikuta chembe nyeusi zimejazana kwenye uvimbe, nazo zinapata moto. Seli zikikaa kwenye nyuzi joto 43 kwa muda wa kutosha zinaanza kufa. Zikifika 50, ni dakika chache tu.

Na kwa nini zijazane hapo? Mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa harakaharaka, kama banda la mtu anayewahi masika, hivyo inavuja. Chembe zinapenya kwenye matundu na kukwama. Si zote, lakini. Nyingi huishia kwenye ini na bandama, na hilo bado ni kichwa kinachouma.

Udhaifu mkubwa wa mwanga ni kina. Baada ya sentimita moja au mbili za nyama, leza imechoka. Mionzi haina shida hiyo. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road anaijua ile michoro ya wino kwenye ngozi ambayo mgonjwa huambiwa asiifute anapooga: ndiyo inayoonyesha mionzi ielekezwe wapi, na inafika hadi ndani kabisa.

Ungedhani basi kazi imekwisha, tupake masizi tupige mionzi. Hapana. Atomi ya kaboni ina protoni 6, ya dhahabu, ambayo watafiti huitumia kuzidisha makali ya mionzi, ina 79. Mionzi ikikutana na dhahabu, elektroni hurushwa kila upande na kuumiza seli za jirani. Ikikutana na kaboni inapita kama imepita kwenye maji, kwani mwili wenyewe umejaa kaboni.

Msaada wa kaboni unapitia mlango wa nyuma, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Katikati ya uvimbe mara nyingi hakuna oksijeni ya kutosha, na seli zenye njaa ya oksijeni ni sugu: huhitaji dozi ya mionzi inayokaribia mara 3 ya kawaida ili zife. Ukizipasha joto la wastani, nyuzi 40 hadi 43, damu inaongezeka na oksijeni inafuata. Juu ya hapo, joto linaichelewesha seli kukarabati vinasaba vilivyokatwa na mionzi. Kaboni pia hufanywa mchukuzi: inabebeshwa dhahabu hadi kwenye uvimbe, na dhahabu inafanya ile kazi ya elektroni.

Mengi ya haya bado yako kwenye seli za maabara na panya. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa mkaa akidai unatibu saratani anakuuzia mkaa. Hospitalini, China, kaboni ya aina hii tayari inatumika, ila kama wino: daktari anayepasua tezi ya shingo huidunga hapo kwa sindano, na chembe za nanomita 150 hivi, kubwa mno kuingia kwenye mishipa midogo ya damu, zinaingia kwenye mishipa ya limfu (majimaji ya kinga ya mwili) na kuzitia weusi tezi za limfu, daktari azione.

Umbo nalo lina hatari yake. Mwaka 2008 nyuzi ndefu za kaboni zilionekana kuwadhuru panya kwa namna inayofanana na asbesto, madini yenye nyuzi yanayodhuru mapafu. Ndiyo sababu nukta zile ndogo zinapendwa: zikiwa chini ya nanomita 6 hivi, figo huzichuja na kuzitoa kwenye mkojo.