Mlango wa gari unalia na umeshuka? Loki iache kwanza, angalia pini

Wakuu, leo tuongelee bawaba za milango ya gari, au hinji kama wengi tunavyoziita gereji. Naona magari mazuri sana, Corolla 110 zilizotunzwa, Mark II GX100 injini bado safi kabisa, Land Cruiser Hardtop zinazopiga kazi ya shamba kila siku, lakini mlango wa dereva ukiufungua unalia mtaa mzima unasikia, na kuufunga mpaka uunyanyue kidogo af uubamize. Mwenye gari ameshazoea. Mi nasema usizoee, maana mlango wa hivyo unakula loki, unakula raba, unakwangua rangi, na mwisho unaanza kula nguzo yenyewe, ile ya bodi inayobeba hinji, na nguzo ikishapasuka hiyo ni kazi nyingine kabisa na gharama nyingine.

Hinji ni vipande viwili vya chuma, kimoja kimefungwa kwenye nguzo kingine kwenye mlango, katikati kuna pini. Kwenye tundu ambalo pini inazungukia mara nyingi kuna bushi, yani mrija mfupi mwembamba, ya brasi au ya plastiki ngumu kutegemea na gari, na hiyo bushi imewekwa makusudi iliwe yenyewe kabla ya chuma. Sasa miaka 25 ya vumbi la Singida au hewa ya chumvi ya Kigamboni, grisi ya kiwandani inakauka, vumbi linaingia, na kile kinachobaki mle ndani kinasaga pini kama msasa kila ukifungua. Bushi inaisha, tundu linaacha kuwa duara linarefuka upande mmoja. Af magari yetu mengi yametoka Japani, usukani upo kulia, kwa hiyo mlango wa kulia mbele ndo umefunguliwa sana kuliko mingine tangu huko, na wengi wakishuka wanauegemea kwa mkono, uzito wote unaenda kwenye pini mbili.

Watu wanashangaa mbona pini imeliwa kidogo tu na mlango umeshuka vile. Chukua mlango wenye mita 1 kutoka hinji mpaka loki, na hinji zake mbili zimeachana sentimita 35. Ya juu ikicheza milimita 1, mlango unainama kwa kuegemea hinji ya chini, na kule kwenye loki unakuta umeshuka karibu milimita 3, yani 100 gawanya kwa 35. Milimita 3 kwenye loki ni nyingi mno, ulimi haudaki tena vizuri. Ndo maana nasema tatizo liko kwenye pini hata kama unaliona kwenye loki.

Kabla hujagusa spana, jua kwanza nini kinalia. Mara nyingi sana si hinji, ni ile stopa, ule mkono wa chuma katikati ya hinji mbili unaozuia mlango usifunguke kupitiliza. Toa bolti yake ya upande wa nguzo, shika mlango usije ukapitiliza ukagonga fenda, uzungushe taratibu. Sauti ikipotea, hinji zako zina nafuu, safisha stopa uipake grisi basi. Sauti ikibaki ni pini. Kama inalia tu ukiwa barabara mbovu na mlango umefungwa, hiyo ni raba, ioshe kwa maji na sabuni, ikikauka pakaa silikoni, usiipake grisi ya kawaida maana inaivimbisha na kuiharibu.

Kupima pini iliyoliwa: fungua mlango nusu, shika mwisho wake kwa chini, unyanyue na kuushusha polepole, mwenzako aweke kidole pale vipande viwili vya hinji vinapokutana. Vikicheza vyenyewe kwa vyenyewe, pini au bushi imekwisha. Hinji nzima ikicheza dhidi ya nguzo, bolti zimelegea au bati la nguzo limechanika, na Hardtop za barabara za vumbi hili la pili liangalieni kwa makini, toa uchafu wote, tafuta mstari wa kutu kuzunguka bolti.

Kama inalia tu na haichezi, una bahati. Ila usiishie kupuliza WD-40. Ile imetengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, ni nzuri sana kulainisha kutu na kusafisha, lakini haikai. Inayeyusha grisi iliyobaki, wiki chache baadaye kelele inarudi. Itumie kuoshea, fungua funga mlango mara nyingi huku unafuta uchafu mweusi unaotoka mpaka utoke msafi, kisha weka oili ya gia, ile ya namba 90, tone kwa tone juu ya pini ishuke yenyewe, malizia na grisi nje. Oili ya gia inapenya na inang'ang'ania chuma, kwa kazi hii naipenda kuliko oili ya injini.

Kama inacheza, mafuta hayarudishi chuma kilicholiwa. Na hapa ndo naumia nikiona watu wanavyofanyiwa, fundi anashusha kile chuma cha kwenye nguzo kinachodakwa na loki ili kifuate mlango, mteja anafurahi unafunga, kumbe mlango umebaki umeinama, raba ya juu haigusi, mvua ya masika inaingia. Mwingine anaweka kipande cha mbao kwenye hinji na kuusukuma mlango mpaka chuma kipinde. Mwingine anachomelea hinji kwenye nguzo kabisa, hapo hakuna marekebisho tena maisha yote ya gari.

Kazi yenyewe iko hivi. Toa terminali ya hasi ya betri, chomoa waya za pawa windo, fungua stopa. Zungushia alama ya maka kila hinji kabla hujalegeza, hiyo alama itakuokoa saa nzima baadaye. Weka jeki chini ya mlango na ubao wenye kitambaa, na muwe wawili. Bolti nyingi za Toyota hapo ni spana 12, zikigoma zilowanishe na ungoje, usizivunje, kuchimba bolti iliyokatikia ndani ya nguzo ni mateso. Kama unaweza, toa hinji moja moja, ile nyingine inashikilia mlango mahali pake.

Hinji ikiwa mezani, saga kichwa cha pini kwa grenda, itoe kwa panchi, kile chuma cha kugongea pini itoke. Pima kwa venia, kile kipimo cha milimita. Ukiona tundu bado ni duara, badilisha pini na bushi tu. Kama limerefuka, peleka kwa mafundi wa mashine ya kuchonga vyuma, walitanue liwe duara, mfano kutoka milimita 8 kwenda 10, wachonge bushi ya brasi ya 10 nje na 8 ndani. Pini ikaze upande mmoja na izunguke upande wa bushi, ikizunguka pande zote mbili itakula pande zote mbili. Tafadhali msiweke bolti yenye nyuzi humo ndani, zile nyuzi ni msumeno. Ukikosa pini, tafuta bolti ngumu, ile iliyoandikwa 8.8 kichwani, yenye sehemu laini ndefu inayojaza hinji yote, ukate nyuzi, au shina la valvu kuukuu ya injini likikubali vipimo, lile ni gumu na limenyooka vizuri.

Piga redoksaidi ya kuzuia kutu, rangi, jaza grisi, rudisha kwenye alama, kaza kiasi tu. Funga mlango taratibu, angalia mwanya wa mbele uwe sawa juu na chini, mstari wa bodi ukutane na wa mlango wa nyuma. Hapo ndo unakaza mwisho, na hapo ndo unagusa kile chuma cha loki, maana kama kulikuwa na mtu amekishusha zamani sasa itabidi kipandishwe. Paka mafuta kidogo kwa kitambaa pale loki inapodaka, alama itakuonyesha inagonga wapi, ikae katikati.

Endesha wiki moja au mbili, rudia kukaza bolti, na kila ukimwaga oili ya injini weka na tone la oili ya gia kwenye kila pini, milango yote minne na boneti.