Jamani soma sio bangi

Juzi tena, kipindi cha dini za India hata hakijafika katikati, kijana wa viti vya nyuma kashanyoosha mkono, "Ticha, si ni kweli Wahindu wa zamani walikuwa wanakunywa bangi wanaiita soma?" Kila muhula lazima nilipate hili, nadhani kuna klipu inazunguka huko mtandaoni.

Sio bangi, soma ilikuwa kinywaji cha ibada kilichokamuliwa kwenye mmea. Neno letu bangi lilitoka huko huko, ni bhang, na bhang ipo kweli, majani yanasagwa yanachanganywa na maziwa na viungo, watu wanakunywa kwenye sikukuu za Kihindu za Holi na Shivaratri, hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Ila Atharvaveda, moja ya vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu, inataja falme 5 za mimea, bhanga imo, shayiri imo, na soma ndo mkubwa wao wote, sasa mtu anakuwaje bosi wa nafsi yake? Halafu ukisoma (ndio, ukiSOMA) Rigveda, kitabu kingine cha kale, mandala (sehemu) ya 9 nzima, nyimbo 114, habari ni hiyo moja: mabua yanapondwa kwa mawe, maji yake yanapita kwenye chujio la sufu ya kondoo, yanachuruzika rangi ya dhahabu, yanatiwa maziwa au mtindi, anapewa mungu Indra kisha makuhani nao wanakunywa. Jina lenyewe maana yake kilichokamuliwa, na ndugu yake ni haoma, kinywaji cha ibada cha Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale kule Iran.

Mmea gani sasa? Mwaka 1968 Gordon Wasson, mtafiti wa uyoga, alisema ni uyoga, ule mwekundu wa madoa meupe. Mimi naegemea efedra, kijiti kikavu hakina hata majani ya maana, Wazoroasta wanakitumia kwenye haoma yao, uyoga wenyewe una mabua gani ya kuponda bwana. Wabrahmani, yaani makuhani wa Kihindu, nao mmea wa asili uliwapotea zamani sana, vitabu vyao vya ibada vinataja mpaka mbadala wake, na kafara kubwa ya kijiji cha Panjal, Kerala, kusini mwa India, mwaka 1975 ilitumia huo huo mbadala.

Na wale wanaosema soma ilikuwa pombe: pombe yao ilikuwa sura, inachachuka siku kadhaa, soma inakamuliwa asubuhi mchana jioni na kunywewa siku hiyo hiyo. Shatapatha Brahmana, kitabu chao cha ibada, inasema soma ni kweli, sura ni uongo, tusisumbuane.

Na ukialikwa kwenye hekalu la Kihindu ukapewa kijiko cha panchamrita usikimbie, ni maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kinga mkono wa kulia unywe, usimwage chini.