Uraia si somo la kukariri

Wengi huamini somo la uraia ni jepesi: mwanafunzi akikariri rangi za bendera na mihimili mitatu ya dola, basi. Kwa dhana hiyo, kipindi hupewa mwalimu yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba.

Si kweli hata kidogo. Chukua mkutano mkuu wa kijiji hapa Tanzania. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake, na kikao cha kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kijana anaweza kueleza hayo kwenye mtihani, apate alama zote, kisha akae kikaoni kimya wakati taarifa ya mapato na matumizi inasomwa, kwa sababu hajawahi kuishika taarifa ya namna hiyo. Ibandikwe ubaoni darasani. Wanafunzi waulize: fedha za tofali zimeandikwa wapi? Stakabadhi iko kwa nani? Mmoja awe mwenyekiti, mwingine mtendaji, wengine wabishane kwa adabu.

Kuongoza mjadala kama huo ni ujuzi, tena mgumu. Mwalimu anahitaji mafunzo kazini, nakala za Katiba ya 1977 za kutosha darasa, na mwalimu mkuu atakayemkingia kifua pale mzazi anapolalamika kwamba watoto wanafundishwa siasa. Kumwachia kitabu cha kiada peke yake ni kumtupa.