Niambie laptopu yako ni ya aina gani nikwambie unafungulia nini databesi

Kila mara lazima kuna mtu ananiuliza "we databesi unafungulia nini?" na nikishajibu tu unazuka ubishi kama wa mpira, huyu DBeaver, yule anaapia DataGrip (zote ni programu za kufungulia databesi), halafu anajitokeza mmoja wa terminali, anayeandika amri tupu, anatuona sisi wote watoto wa juzi. Mi databesi ndo kazi yangu, kutwa nzima niko humo, na nikiusikiliza huu ubishi kwa makini naona kabisa watu wanatetea mfumo endeshi waliojifunzia kazi, zana yenyewe imeingia humo kwa kubebwa tu.

Chukua aliyeanzia Windows na SQL Server, databesi ya Microsoft. Huyo SSMS, zana ya Microsoft ya kuisimamia, humtoi, na kwa kweli ana haki, mle ndani kila kitu kipo, mpango wa kweri (swali unaloiuliza databesi) unachorewa na mishale, mshale mnene unajua hapo zinapita rekodi nyingi, jobu za usiku unaziona zote, bakapu unabofya tu. Ila haijawahi kutoka Windows. Microsoft wenyewe waliipeleka SQL Server kwenye Linux mwaka 2017 lakini SSMS ikabaki kulekule, wakawaletea watu wa Mac na Linux kitu kinaitwa Azure Data Studio, watu wakaizoea vizuri tu, afu 2025 wakatangaza kwamba inastaafishwa, hamieni VS Code, kihariri chao cha programu. Sasa mtu wa Mac aliyekuwa ameshapanga koneksheni zake zote humo unadhani atakusikiliza ukimsifia SSMS?

Watu wa Mac nao walikuwa na mapenzi yao, Sequel Pro, nyepesi, nzuri machoni, inafanya databesi moja tu, MySQL, na inaifanya vizuri. Toleo lake la mwisho thabiti ni la 2016, kisha 2018 ikaja MySQL 8 na njia yake mpya ya kuhakiki paswedi, kitumbua kikaingia mchanga. Bahati nzuri kodi yake, yaani maandishi ya programu, ilikuwa wazi, wengine wakaichukua wakaiendeleza kama Sequel Ace. Windows kuna HeidiSQL, ina kasi ya ajabu, na nawajua watu waliohamia Linux wakawa wanaiendesha kupitia Wine, kitu cha kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, kwa miaka, yaani mtu amebadilisha mfumo mzima wa kompyuta lakini ile windo yake hawezi kuiacha. Na phpMyAdmin, ya tangu 1998, inayofungulia MySQL ndani ya brauza, hiyo ni ya wale ambao mfumo wao endeshi ni brauza, alipewa hostingi na paswedi, basi, hana pengine pa kuingilia.

DBeaver imeshinda kwenye timu nyingi nilizopitia kwa sababu moja ambayo haina uhusiano wowote na uzuri. Ni ya Java, inaenda Windows, Mac na Linux, na kwa draiva za JDBC, viunganishi vya Java na databesi, inafungua karibu databesi yoyote utakayoitaja. Inachelewa kuwaka na RAM inakula, sawa, lakini kwenye timu ya watu sita wenye laptopu za aina tatu mnaelekezana kwa lugha moja, "bofya kulia hapo kwenye jedwali", na wote wanapaona.

Sasa tatizo halisi sio hizo windo, tatizo ni kwamba seva kwa kawaida ni Linux na laptopu sio. Hii nimeila mwenyewe. Tulikuwa na MySQL, mwenzetu mmoja anatengenezea kwenye Windows, akaunda jedwali akaliita `Malipo`, herufi kubwa mwanzo, na kodi yake yote inaandika `SELECT ... FROM Malipo`. Kwake kila kitu kinakubali. Bakapu ikatolewa kwake ikapandishwa kwenye seva, usiku ule programu ikaanza kutapika kosa namba 1146, jedwali halipo. Tunafungua seva, jedwali lipo! Tunaliona kwa macho, `malipo`, na rekodi zake zote. Nusu saa tunaangaliana.

Kilichotokea ni hiki. MySQL ina mpangilio unaitwa `lower_case_table_names`, na thamani yake ya kuanzia inategemea mfumo endeshi: Linux ni 0, Windows ni 1, Mac ni 2. Kwenye 1 ukiandika `Malipo` inalihifadhi kama `malipo` kimyakimya, na kila ukiliita kwa herufi kubwa inakupunguzia yenyewe, kwa hiyo hujui hata kama jina limebadilika. Bakapu inatoka na `malipo`. Ikifika Linux, ambako ni 0, herufi kubwa na ndogo ni majina mawili tofauti, kwa sababu huko jedwali linafuata faili na faili za Linux ziko hivyo. Na usidhani utaenda kubadilisha 0 iwe 1 ukalale, kuanzia MySQL 8 hiyo inawekwa siku seva inapoanzishwa tu, ukiibadilisha baadaye seva inagoma kuwaka. Tukaishia kurekebisha kodi, faili baada ya faili. Tangu hapo majedwali yangu yote ni herufi ndogo na mstari wa chini, hata mtu aniambie anatumia nini.

Postgres, databesi nyingine, majina haina shida hiyo, ina yake. Upangaji wa maandishi kwa kawaida inaazima kutoka kwenye mfumo endeshi, na glibc 2.28 ya mwaka 2018, maktaba ya msingi ya Linux, ilibadilisha mpangilio huo, kwa hiyo ukichukua data zilezile ukaziwasha juu ya Linux mpya zaidi, indeksi za maandishi (orodha za kutafutia haraka) zimepangwa kwa sheria ya zamani na zinatafutwa kwa sheria mpya. Unatafuta jina lipo, linajibu halipo. Dawa ni `REINDEX`, kuzijenga upya indeksi, ila lazima kwanza ujue kwamba unaumwa.

Mimi natumia nini? Kuangalia data, kufuata mahusiano ya majedwali, kuchungulia hii na ile, DBeaver, na koneksheni ya prodaksheni, databesi inayotumika kweli, nimeipaka rangi nyekundu. Kubadilisha kitu prodaksheni, ssh (kuingia kwenye seva kwa mbali) kisha `psql`, zana ya Postgres ya terminali. Hiyo niliijifunza kwa aibu. Nilikuwa kwenye zana ya windo, komiti ya mkono, yaani badiliko halikamiliki mpaka ulithibitishe mwenyewe, nikapiga `UPDATE` ya rekodi moja, nikaona imekubali, nikaenda kula. Sijakomiti. Rekodi moja tu, nani atajua? Mwenzangu akarusha `ALTER TABLE`, amri ya kubadilisha muundo, kwenye jedwali hilohilo, ikakaa kusubiri transaksheni yangu iishe, na kila `SELECT` iliyokuja baadaye ikapanga foleni nyuma ya ile `ALTER`, mfumo mzima ukaganda. Narudi nakuta watu wamesimama nyuma ya kiti changu, na kwenye skrini wamefungua `pg_stat_activity`, orodha ya Postgres ya nani anafanya nini, mstari mmoja umeandikwa `idle in transaction`, na pembeni yake jina langu. Siku hiyohiyo nikaweka `idle_in_transaction_session_timeout` dakika tano, inayomkata aliyeacha transaksheni wazi, iko tangu toleo la 9.6 na sijui kwa nini nilikuwa sijaiweka.

Waliotengeneza MySQL nao uzembe wetu wa `UPDATE` walishauona zamani, kuna chaguo la kuzuia `UPDATE` na `DELETE` zisizo na `WHERE` ya ufunguo wala `LIMIT`, linaitwa `--safe-updates`, na jina lake la pili, sikutanii, ni `--i-am-a-dummy`. Workbench, zana ya windo ya MySQL, inaliwasha yenyewe, ndo lile kosa 1175 ambalo watu wanakimbilia kulizima siku ya kwanza.

Sikuhizi mipaka imelegea kidogo, WSL2 imeleta kerneli halisi ya Linux ndani ya Windows na Docker, inayofunga programu na mazingira yake pamoja, imemwezesha kila mtu kuwa na Postgres ileile ya seva, na kwenye utafiti wa 2023 wa Stack Overflow, tovuti ya wanaprogramu, Postgres ndo iliipita MySQL kwa kutumiwa zaidi. Kwa hiyo naona watu wengi wapya wanaingia `psql` wakidhani huko angalau mfumo endeshi hautawafuata. Unawafuata. Ukiandika `\e` ili uhariri kweri yako, `psql` ya Windows inakufungulia Notepad, ya Linux inakufungulia vi, kihariri cha ndani ya terminali. Mgeni wetu kwenye timu, katoka Windows moja kwa moja, aliingia humo akawa hatoki, kabonyeza kila kitufe, mwisho akafunga terminali nzima na kweri yake yote ikaenda. Nikamwekea `export EDITOR=nano`, kihariri chepesi zaidi, akaianza upya.