Kufomati si kupiga Windows

Juzi kijana mmoja aliniletea laptopu ya dada yake, uso umemshuka. "Fundi, nimeifomati mara tatu, imegoma." Nikamuuliza imegoma kufanya nini. "Kufomati." Sasa, mdogo wangu, imefomatiwa mara tatu au imegoma kufomati? Akanyamaza, akaniangalia kama mtu aliyetegewa kitendawili.

Nikachomeka flashi yangu, nikaenda hatua kwa hatua mpaka pale Windows inapokutaka uchague diski ya kusakinishia. Orodha tupu, hakuna diski hata moja. Yaani katika majaribio yake yote matatu, diski ya dada mtu haikuguswa hata baiti moja, maana huwezi kufomati kitu usichokiona. Hapo ndipo nikaamua kuandika, kwa sababu neno hili nalisikia kila siku na kila siku linabebeshwa mzigo usio wake: mtu akisema kufomati anamaanisha kusakinisha Windows upya, yaani kupiga Windows.

Maana yenyewe ni fupi. Kufomati ni kuandika kwenye patisheni ya diski, yaani kipande chake kilichogawiwa, mfumo wa kutunzia mafaili, kama NTFS, FAT32, exFAT au ext4, ili kompyuta ijue faili lipi limelala wapi na nafasi ipi iko wazi. Basi. Hakuna Windows ndani yake, hakuna draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), hakuna kuua virusi, na diski inayokufa haiponi kwa kufomatiwa.

Hata mzizi wa neno unakataa matumizi yetu. Kilatini kina *forma*, umbo, na kutoka humo *formatus*, kilichopewa umbo. Waliolipokea neno na kulikuza ni watu wa vitabu. Kwa Kifaransa *format* ilikuwa saizi ya kitabu na namna karatasi yake ilivyokunjwa. Karatasi kubwa ikikunjwa mara moja unapata kurasa pana za kitabu cha folio. Mara mbili, majani manne. Mara tatu, majani manane, na kitabu kinaingia mfukoni. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kifaransa katika karne ya 19, na kwa miaka mingi lilikuwa la wachapaji na wauza vitabu. Zingatia kwamba ukunjaji huo unafanyika kwa ajili ya maandishi. Haukuwa na habari na kuyafuta.

Kompyuta zilipokuja, neno likahamia bila kubadili tabia. Lugha ya FORTRAN ya IBM, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa na amri inayoitwa FORMAT, na kazi yake ilikuwa kuieleza mashine namba zipangweje zinaposomwa au kuchapwa: nafasi ngapi, desimali ngapi. Ni mpangilio tena. Waswahili tunaotumia programu zilizotafsiriwa tunakutana na "umbizo" mahali pa neno hili, na wengi hulicheka. Mimi silicheki. Umbo, umba, umbiza: aliyelitafsiri alirudi mpaka kwenye mzizi wa Kilatini bila kupotea njia. Kosa lake ni moja tu, kwamba alichelewa. Sisi tulishazoea fomati.

Kisha zikaja disketi, na hapo maana ikawa ya kushikika kwa mkono. Wenye umri wangu watakumbuka zile ngumu za inchi 3.5. Kwenye boksi nyingine iliandikwa megabaiti 2, lakini ukiifomati unabaki na 1.44, na watu walidhani wameibiwa. Hakuna aliyeibiwa. Disketi mpya isiyofomatiwa ilikuwa uwanja mtupu wa sumaku, hauna njia wala namba. Amri ya FORMAT ndiyo iliyouchora: njia 80 kila upande, pande 2, kila njia ikakatwa sekta 18, kila sekta baiti 512. Zidisha utapata baiti 1,474,560. Kilichobaki kilikwenda kwenye alama zenyewe na mapengo kati ya sekta na sekta, kama daftari linavyopoteza nafasi kwenye pambizo. (Hiyo 1.44 nayo ni hesabu ya ajabu, 1,440 mara 1,024, si megabaiti ya mtindo wowote unaofundishwa darasani. Tuiache.) Kwa hiyo zamani kufomati ilikuwa kupiga mistari kwenye daftari. Diski za siku hizi hupigiwa mistari hiyo kiwandani na huwezi kuirudia nyumbani. Ukibofya "Format" leo, unachofanya ni ile sehemu ya juu tu, mfumo wa mafaili.

Basi hii tabia ya kudhani kufomati ni kufuta ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwenye onyo. Ukiandika FORMAT C: kwenye DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi za kabla ya Windows, kabla haijaanza inakutisha kwa herufi kubwa kwamba data yote itapotea. Watu wakashika tisho, wakaiacha kazi. Ni sawa na kumwita mpaka rangi "mtoa samani nje" kwa sababu kabla ya kupaka amekuambia utoe makochi.

Na hata hilo la kufuta lina maneno yake. Chukua shule. Jengo ni diski, madarasa yaliyogawanywa kwa kuta ni patisheni, na kufomati ni kufungua rejista mpya ya darasa. Fomati ya haraka huchana rejista ya zamani na kuweka mpya isiyo na jina. Wanafunzi bado wamekaa kwenye madawati yao, ila hakuna anayewatambua, na mgeni akija na jina kwenye rejista mpya atapewa dawati la mwenzake bila kuulizwa. Ndiyo maana programu za kurejesha mafaili hufanikiwa ukiwahi, na hushindwa ukiendelea kutumia diski. Fomati kamili ni jambo jingine, na yenyewe imebadilika: Windows XP ilikagua tu sekta mbovu, lakini tangu Windows Vista fomati kamili huandika sifuri diski nzima. Huo ndio ufutaji. Kwenye SSD, diski za kisasa za chipu zisizozunguka, usitegemee kuwakuta hata wanafunzi. Windows ikishafomati, huiarifu diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena, na diski hujisafisha yenyewe wakati wewe unakunywa chai.

Turudi kwa kijana. Laptopu ile ni ya Intel kizazi cha 11, na kuanzia hapo nyingi hufichwa diski nyuma ya kitu kinachoitwa VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski. Programu ya kusakinisha Windows mara nyingi haina draiva yake, kwa hiyo inakuambia haijaona diski na inakupa kitufe cha kupakia draiva. Dawa ni kupakua draiva ya Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kuifungua na kuiweka kwenye flashi ileile, kisha kubofya kitufe hicho na kuielekeza ilipo. Nikafanya hivyo. Diski ikajitokeza, na patisheni zake zote nne zikiwa palepale.

Kijana alikuwa ameshamwambia dada yake kwamba kila kitu kimefutika. Nikabonyeza Shift na F10, likaja dirisha jeusi la amri, nikaingia kwenye folda ya dada mtu: picha, nyaraka, na utafiti wake wa chuo wenye majina saba ya "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli". Bahati yake diski haikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data kwa msimbo. Nikanakili vyote kwenye diski ya nje kabla sijagusa chochote. Angejua tofauti ya kufomati na kusakinisha, asingemliza mtu siku mbili.

Kisa chake ni kimoja, lakini karibu kila anayenijia na "imegoma kufomati" tatizo lake halipo kwenye fomati. Mara nyingi lipo kwenye patisheni, na hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi. Diski ina ramani yake ya mgawanyo, na ramani hizo ni za aina mbili. MBR ilikuja mwaka 1983 na DOS 2.0, inaruhusu patisheni kuu 4 na inaishia kwenye diski ya terabaiti 2. GPT ni ya mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, UEFI, na kwenye Windows inachukua patisheni 128. Sasa kompyuta ikiwaka kwa njia ya UEFI ikakuta diski ina MBR, Windows inakuambia haiwezi kusakinishwa kwenye diski hii. Mtu anabofya Format. Ujumbe uleule. Anabofya tena. Anaweza kubofya mpaka Pasaka, kwa sababu kufomati hubadili rejista ya darasa moja, hakubadili ramani ya jengo. Kinachotakiwa ni kufuta patisheni zote (mafaili yakiwa yameshahifadhiwa kwingine, nisisikie malalamiko) mpaka ibaki nafasi moja isiyogawiwa, na kuiacha Windows igawe na kufomati yenyewe. Ukiwa umewaka kwa UEFI, itaandika GPT bila kukuuliza. Wengine huenda kwenye dirisha lile jeusi na kuandika diskpart, kisha clean, amri zinazofuta ramani yote ya diski uliyoichagua. Ni sawa, ila soma namba ya diski mara mbili. Nimewahi kumwona fundi mwenzangu akisafisha diski ya nje ya mteja badala ya ile ya ndani, na kimya kilichofuata nakikumbuka hadi leo.

Zipo nyingine ambazo fomati inahusika kweli, lakini ya flashi, si ya kompyuta, na hakuna anayeitaja. UEFI nyingi husoma flashi ya FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ndani ya Windows 10 na 11 mna faili la install.wim ambalo mara nyingi huvuka hapo. Unakili unakatika, au mtu anaifomati flashi kwa NTFS na kompyuta inakataa kuwakia hapo. Programu za kuandaa flashi kama Rufus hulimaliza hilo kimyakimya. Kisha kuna msimbo 0x8007025D, ambao maana yake kwa kifupi ni kwamba data inasomwa ikiwa imeharibika: angalia flashi, angalia RAM, pakua upya faili la ISO, lile lenye Windows nzima unayoiweka kwenye flashi. Na kuna yule anayeapa kwamba Windows "inajifomati yenyewe kila ikizima". Haijifomati. Baada ya hatua ya kwanza kompyuta imejiwasha upya, imekuta flashi bado imechomekwa na ndiyo ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwaka, ikaanza usakinishaji mwanzo. Chomoa flashi inapozima kwa mara ya kwanza.

Sitaki mtu afikiri nachukia lugha ya mtaani. "Kupiga Windows" nalipenda. Kiswahili kinapiga pasi, kinapiga deki, kinapiga rangi, kinapiga mswaki na simu juu yake; kupiga Windows ni kazi ya mkono yenye mwanzo na mwisho, na kila mtu anaelewa. Limebana mambo manne ndani yake, kuandaa flashi, kugawa diski, kufomati na kusakinisha, na halidanganyi kuhusu lolote kati ya hayo. "Fomati" ndiyo inayodanganya, kwa sababu inachukua jina la hatua moja, tena ambayo mara nyingi haidumu sekunde kumi, na kulipa safari nzima. Safari ikikwama mtu anailaumu hatua hiyo, anairudia na kuirudia, na hatua iliyokwama kweli haiulizwi neno.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kompyuta yako ina nini, sema tu ulikuwa unapiga Windows na imekwama baada ya kufanya jambo fulani. Piga picha ya kioo kwa simu, maneno yote na namba ya kosa chini kabisa, hata kama huyaelewi. Sema kama diski ilionekana kwenye orodha au la. Na kama unataka kweli kulitumia neno fomati, litumie, ni neno zuri na limetembea mbali. Ila ujiandae kuulizwa ni patisheni ipi, na umeifomati kwa mfumo gani.