Kura ya maoni ya Norwei ya 1994: ni kitu gani hasa kilichokataliwa?

Katika miaka ambayo nimefundisha sheria ya katiba, swali ambalo wanafunzi huniuliza mara nyingi kuhusu kura za maoni za Ulaya ni kwa nini Norwei, nchi tajiri ambayo majirani zake walikubali, ilikataa kuingia katika Umoja wa Ulaya. Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni mafuta. Naliona halitoshi, kwa sababu Norwei ilipokataa kwa mara ya kwanza, Septemba 1972, mafuta ya Ekofisk, eneo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuchimbwa, na hata ilipokataa tena mwaka 1994, mfuko wa taifa wa mafuta ulikuwa bado haujaingiziwa fedha. Jambo hilo lilifanyika mwaka 1996. Kwa maoni yangu, wapiga kura walikuwa wakiamua nani awe na kauli ya mwisho juu ya bahari, mashamba na sheria zao.

Tarehe 28 Novemba 1994, asilimia 52.2 walisema Hapana na asilimia 47.8 wakasema Ndiyo, huku karibu asilimia 89 ya waliokuwa na haki ya kupiga kura wakijitokeza. Serikali ya Waziri Mkuu Gro Harlem Brundtland, iliyotaka uanachama, ilikuwa imeipanga siku hiyo kwa makusudi iwe ya mwisho katika mfululizo: Austria ilikubali mwezi Juni, Ufini ikakubali tarehe 16 Oktoba, na Uswidi ikafuata tarehe 13 Novemba kwa asilimia 52.3. Ilitarajiwa kwamba Wanorwei, wakiona Waswidi wameshaingia, wangeogopa kubaki peke yao. Haikuwa hivyo.

Atakayetaka kuelewa sababu na aangalie ramani ya kura. Mjini Oslo, theluthi mbili walisema Ndiyo. Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa, karibu robo tatu walisema Hapana, na mikoa jirani ya Troms na Nordland nayo ilikataa kwa kishindo. Huko ndiko kwenye uvuvi, na wavuvi walikuwa na kumbukumbu ndefu. Mwaka 1970, wakati uleule mazungumzo ya kuzipokea Norwei, Uingereza, Denmark na Ayalandi yalipokuwa yakianza, nchi sita za Jumuiya ya Ulaya, iliyoutangulia Umoja wa Ulaya, zilikubaliana kwamba vyombo vya uvuvi vya kila mwanachama viwe na haki sawa ya kuingia katika maji ya wengine. Nchi zilizokuwa zikiomba kujiunga, ambazo ndizo zilizokuwa na samaki wengi, ziliikuta kanuni hiyo mezani. Knut Hoem, waziri wa uvuvi wa Norwei, alijiuzulu kwa kutoridhika na masharti yaliyopatikana, na sijui dalili iliyo wazi zaidi ya hiyo ambayo mpiga kura wa pwani angeweza kupewa. Ilipofika 1994 hoja ilikuwa imekua, kwa kuwa tangu 1977 Norwei ilikuwa na ukanda wake wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, na watu wa kaskazini walikuwa wameona kwamba serikali yao inaweza kuusimamia. Serikali ilipata kipindi cha mpito tu kabla ya usimamizi huo kuingia katika sera ya pamoja ya uvuvi, na katika vijiji ambavyo ajira yote hutegemea bahari, kipindi cha mpito hakikuwa ahadi ya kutosha.

Wakulima, waliokuwa wakilindwa kwa ruzuku kubwa na ushuru wa forodha, walikuwa na sababu kama hizo, na Chama cha Kati cha Anne Enger Lahnstein kiliwasemea kwa nguvu. Wanawake nao walikataa kwa wingi zaidi kuliko wanaume.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kama mwanasheria, naliona muhimu kuliko idadi ya kura, nalo husahaulika kila mara. Kura ya maoni nchini Norwei ni ya ushauri. Haina nguvu ya kisheria ya kulilazimisha Bunge. Katiba ilitaka uhamishaji wa mamlaka kwenda katika chombo cha kimataifa uidhinishwe kwa robo tatu ya kura bungeni. Bunge la wakati huo lilikuwa na wabunge 165, kwa hiyo wabunge 42 walitosha kuzuia. Chama cha Kati kilikuwa na viti 32 na Chama cha Kisoshalisti cha Mrengo wa Kushoto viti 13, jumla 45, na vyote viwili vilipinga uanachama. Maana yake ni kwamba hata kama Ndiyo ingeshinda kwa tofauti ndogo, wapinzani wangekuwa na uwezo wa kikatiba wa kuizuia, na ni shinikizo la kisiasa pekee ambalo lingewafanya waheshimu matokeo. Nchi yoyote inayopanga kura ya aina hii inapaswa kuyamaliza maswali ya namna hiyo kabla ya kampeni kuanza.

Kuna sababu nyingine iliyofanya Hapana isiwe na gharama kubwa. Tangu tarehe 1 Januari 1994 Norwei ilikuwa tayari ndani ya Eneo la Uchumi la Ulaya, mkataba unaoipa nafasi katika soko la pamoja huku sera za pamoja za kilimo na uvuvi zikibaki nje. Viwanda vyake havikupoteza soko siku iliyofuata kura. Lakini mkataba huo una bei yake: Norwei huingiza katika sheria zake kanuni za soko zinazotungwa Brussels bila kuwa na kura mahali zinapopitishwa. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilieleza mwaka 2012 kwamba nchi ilikuwa imechukua takriban robo tatu ya sheria za Umoja ikilinganishwa na mwanachama kamili.

Haki ya kukataa kanuni mpya imo katika mkataba. Mwaka 2011 serikali ya Jens Stoltenberg ilitangaza kwamba haitapokea agizo la tatu la Umoja kuhusu huduma za posta, na wapinzani wa uanachama wakafurahi. Serikali ya Erna Solberg, iliyoingia madarakani mwaka 2013, ililiondoa pingamizi hilo.