Kupungua kilo si silimu (UKIMWI): yale ninayoyasikia kila siku kuhusu BMI

“Daktari, nikipungua hivyo, majirani watasema nimeanza kumeza dawa za UKIMWI.” Wiki hii nimeambiwa hivyo tena hapa Arua, Uganda, na mama mwenye presha, sukari iliyopanda na BMI ya 34. BMI ni kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu: kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu mama huyo haikatai hesabu. Anaielewa vizuri. Anachokataa ni kupungua.

Hofu yake naijua ilikotoka. Madaktari walipoandika mwaka 1985 kuhusu ugonjwa mpya wa kule Rakai, kusini mwa Uganda, ambao ndio UKIMWI, wenyeji walikuwa tayari wameupa jina: “slim” (mwembamba), silimu. Watu walikonda, kisha tukawazika. Tangu hapo unene ukawa cheti cha afya, na mtu akipungua kidogo tu anaulizwa anaumwa nini. Hata mume anaona aibu mkewe akipungua, eti watu watasema hamlishi.

Lakini virusi havipimwi kwa macho. Vinapimwa kwa tone la damu, na majibu unayapata siku hiyohiyo. Anayemeza ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo, vizuri anaweza kuwa na mwili wa kutosha kabisa, na mnene anayesifiwa mtaani anaweza kuwa na virusi bila kujua. Wakati huo mafuta ya tumboni yanaendelea na kazi yake: insulini, homoni inayoshusha sukari, inazidi kushindwa, presha inapanda, magoti yanalika.

Kukonda kwa kuogopwa kupo. Kilo zikishuka bila wewe kutaka, ukawa na kikohozi, jasho la usiku, au kiu na kukojoa kila mara, njoo upimwe VVU, kifua kikuu na sukari. Usisubiri. Anayepungua polepole kwa sababu ameacha soda na kupunguza chapati za jioni ni mtu mwingine kabisa.

Na simwombi mtu awe kama fimbo. Yule mama ana kilo 86 na urefu wa mita 1.58. Zidisha 1.58 kwa 1.58, unapata karibu 2.5, gawanya 86 kwa jibu hilo, ndiyo 34 yake. Ili ashuke chini ya 25 angehitaji kufika kama kilo 62, na sijamtajia kabisa namba hiyo. Nimemwomba asilimia 5, yaani kilo 4 na kidogo. Kwa watu wengi hizo zinatosha presha na sukari kuanza kulegea. Akiwa na kilo 82 bado ni mama mwenye mwili, hakuna jirani atakayemnyooshea kidole.

Wengine wananiambia BMI ni vipimo vya wazungu. Ni kweli kwamba hesabu hii ilianza na Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, na jina la BMI likaja na Ancel Keys mwaka 1972. Ni kweli pia kwamba mipaka ya 25 na 30 haiwafai watu wote sawasawa: kwa Waasia wengi hatari huanza mapema, karibu na 23. Lakini hapo mpaka umeshushwa. Anayetaka kwetu upandishwe ili apate nafasi ya kunenepa anajidanganya.

“Mifupa yangu ni mizito.” Hapana. Mifupa ya watu wawili wa urefu mmoja haitofautiani kwa kilo 20.

“Mimi ni misuli.” Askari au bondia anaweza kuwa sahihi, kwa kuwa BMI haitofautishi misuli na mafuta. Basi tupime kiuno, na hapa nina ushauri ninaompa kila mtu: chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Isipofika, hayo si misuli. Fanya hivyo hata kama BMI yako ni 23, maana kitambi juu ya miguu myembamba nacho kina hatari yake.

Kuhusu hesabu yenyewe, tafadhali: kutoa 100 kwenye sentimita zako si BMI. Na futi 5 na inchi 4 si mita 5.4, ni mita 1.63. Vua viatu unapopimwa.

Mipaka hii ni ya watu wazima. Mama mjamzito hatumsomi kwa BMI ya siku hiyo, kwa sababu uzito wa mimba umo ndani, tunapima mzunguko wa mkono wa juu. Mtoto wa shule ana chati yake ya umri na jinsia. Na yule wa miezi 6 hadi miaka 5 tunamvisha utepe wa rangi mkononi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, apelekwe kituo cha afya leo, hata kama bibi yake anasema ni mwembamba kama baba yake.